Mzigo Pungufu: Malipo na Ushahidi katika Biashara za Mitandaoni

Mzigo pungufu ni mzigo uliomfikia mnunuzi ukiwa na idadi, uzito au vipande vichache kuliko alivyoafikiana na muuzaji. Mtu wa Dodoma ameona kwenye Instagram seti ya meza na viti sita, akalipa, akapokea meza na viti vinne. Mwingine wa Kisumu ameagiza jozi 20 za viatu vya watoto ili auze, akafungua gunia na kuhesabu 16. Mwingine amenunua kamera iliyotumika, nayo imefika bila ile betri ya pili iliyoonekana kwenye picha. Katika visa vyote hivi kuna kitu kilichofika, na hapo ndipo mgogoro huu unapoachana na migogoro miwili inayofanana nao: mzigo usiofika kabisa, ambao huelekea haraka kwenye tuhuma za utapeli, na mzigo mbovu, ambao huzua ubishi juu ya ubora. Upungufu hauna ubishi wa namna hiyo. Viti ni vinne au ni sita. Mbele ya sheria, mgogoro wa upungufu ndio mwepesi kuliko yote mitatu. Ugumu wake umo katika maswali mawili tu: nani anaweza kuthibitisha hesabu, na fedha iko mikononi mwa nani wakati hesabu inabishaniwa.

Afrika Mashariki maswali hayo yana uzito wa pekee kutokana na jinsi biashara ya mtandaoni ilivyokua. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hivyo watu walizoea kutumiana pesa kwa simu muda mrefu kabla ya kuzoea duka la mtandaoni. Maduka makubwa yenye maghala na dawati la malalamiko hayakushika mizizi kila mahali. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Mwaka huohuo Jiji ilinunua biashara za OLX katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, lakini majukwaa ya aina hiyo kimsingi ni ubao wa matangazo: humkutanisha muuzaji na mnunuzi, kisha huwaacha wamalizane. Biashara nyingine nyingi imebaki kwenye kurasa za Instagram na Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, kati ya watu wawili ambao huenda wasionane kamwe. Muuzaji anataka alipwe kwanza kwa sababu amechoshwa na wateja wanaoagiza, bodaboda ikafika mlangoni, simu ikazimwa. Mnunuzi naye anaogopa kutuma pesa kwa namba asiyoijua. Maafikiano ya kawaida ni nusu kwa nusu: kianzio kabla ya mzigo kuondoka, salio mzigo ukifika. Utaratibu huo una nguvu kuliko unavyosifiwa.

Jambo la kwanza la kubaini ni kama muuzaji ni mtu binafsi au ni mfanyabiashara, kwa kuwa sheria hazimpi kila mnunuzi kinga ileile. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamlenga mtu anayefanya biashara ya kuuza bidhaa au huduma. Tanzania Bara nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na hiyo pia inahusu wanaofanya biashara. Anayeuza kochi lake kwa sababu anahama nyumba yuko nje ya sheria hizo. Anayebandika makochi matano kila wiki, aliyoyanunua ili ayauze kwa faida, ni mfanyabiashara hata kama hana leseni, hana fremu na anajiita “mtu tu anayejitafutia riziki.” Kinachoamua ni mwenendo wa shughuli yenyewe. Wauzaji wengi wa mitandaoni wanaodhaniwa kuwa watu binafsi wangeanguka upande wa pili wa mstari huo kama kuna mtu angejisumbua kuwapima.

Hata hivyo, kwa mzigo pungufu tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya (Sura ya 31) na Tanzania (Sura ya 214) zilirithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zote mbili zinatenganisha ubora na hesabu. Sharti la kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili humfunga hasa muuzaji ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo kazi yake. Anayenunua friji kuukuu kwa jirani analinunua kwa macho yake mwenyewe. Lakini wajibu wa kuleta kitu kinacholingana na maelezo yaliyotolewa, na kwa kiasi kilichoafikiwa, humfunga kila muuzaji. Maneno ambayo wauzaji binafsi hupenda kuandika chini ya tangazo, kwamba “mali ikishauzwa hairudishwi”, hayawezi kugeuza viti vinne kuwa sita.

Kanuni yenyewe ni fupi. Muuzaji akileta pungufu, mnunuzi ana hiari mbili. Anaweza kuukataa mzigo wote, na kama alikwisha lipa adai pesa yake yote. Au anaweza kuupokea kama ulivyo, na hapo atalipia kilichofika kwa bei ya mkataba. Yaani mnunuzi hawezi kubaki na jozi 16 za viatu na bado akadai kurudishiwa fedha za jozi 20, na muuzaji hawezi kushikilia fedha za jozi 20 kwa hoja kwamba “nyingi zimefika.” Kwa bidhaa zinazohesabika moja moja, mgogoro huishia kwenye hesabu ya kugawanya na kuzidisha.

Kwa seti mambo hayaendi hivyo. Tuseme meza na viti sita viliuzwa kwa shilingi 900,000 za Tanzania, na mazungumzo yanaonyesha kwamba meza ilikadiriwa 360,000 na kila kiti 90,000. Viti viwili vikikosekana, bei yake ni 180,000, na wauzaji wengi wangeona kurudisha kiasi hicho ni ungwana uliokamilika. Mnunuzi, hata hivyo, hakununua viti sita vya kawaida. Alinunua viti sita vinavyofanana. Ikiwa fundi atatoza 130,000 kwa kila kiti ili avichonge viwili vilingane na vilivyopo, hasara halisi ni 260,000, na fidia kwa bidhaa isiyoletwa huanzia kwenye bei ya kuipata bidhaa hiyo sokoni. Tofauti ya shilingi 80,000 kati ya hesabu hizo mbili ndiyo inayovuruga mapatano mengi, kwa sababu kila upande unaona hesabu yake ndiyo ya haki. Pale ambapo bei haikuchanganuliwa kabisa, kama ile kamera na betri yake ya pili, hakuna njia isipokuwa kutazama betri ya aina hiyo inauzwaje. Vitu vidogo mno havihesabiwi: gunia la kilo 100 likipungua robo kilo, hakuna hakimu atakayeruhusu mzigo wote ukataliwe.

Vipimo vya mazoea huleta shida zaidi kuliko namba. Gunia si kiasi mpaka kilo zitajwe, na Tanzania imepambana kwa miaka na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu. Belo la mitumba kwa kawaida huuzwa kwa uzito na daraja, si kwa idadi ya nguo. Anayeagiza belo la kilo 45 la magauni huku akilini akiwa amehesabu magauni 150 hana madai ya upungufu yakifika 120, ikiwa uzito umetimia. Anayo ikiwa muuzaji alitaja idadi. Tangazo la mtandaoni linalosema “belo zima, piece 150” limeahidi 150, hata kama muuzaji aliandika hivyo kwa kuvutia tu.

Haki ya kukataa mzigo ina muda wake. Mnunuzi ana haki ya kukagua kabla hajahesabiwa kuwa amepokea, lakini akisema ameridhika, au akianza kuuza viatu vile, au akikaa kimya kupita muda unaofaa, sheria humwona amekubali. Muda unaofaa haukutajwa kwa siku. Kwa samaki wabichi ni saa, kwa samani huenda ikawa wiki. Baada ya hapo haki ya kukataa hupotea, ingawa ya kudai thamani ya kilichopungua hubaki. Kuna kipengele ambacho wauzaji wachache wanakijua: mnunuzi aliyekataa mzigo kihalali halazimiki kuurudisha. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameukataa, autunze, na muuzaji aje auchukue. Sharti la “rudisha kwanza, kwa nauli yako, ndipo nikurudishie hela” halina msingi isipokuwa lilikubaliwa tangu mwanzo, nalo limewakatisha tamaa wanunuzi wengi waliokuwa na haki kamili.

Jibu la kawaida la muuzaji aliyebanwa ni kwamba iliyobaki inakuja. Hapo pia sheria iko wazi: mnunuzi halazimiki kupokea mzigo kwa mafungu, ila kama walikubaliana. Akikubali kusubiri, amebadilisha mkataba kwa hiari yake, na itakuwa vigumu kwake kuukataa mzigo wote kesho yake kwa sababu ya upungufu uleule. Jibu linalomlinda ni lile linalotaja siku: anapokea viti vinne kwa sharti kwamba viwili vifike kabla ya tarehe fulani, la sivyo arudishiwe kiasi fulani. Ujumbe mmoja wa maandishi wenye maneno hayo una faida kuliko simu kumi za kulalamika.

Katika mwambao, kulipa leo na kupokea baadaye hakukuja na simu. Fiqhi ya Kiislamu inaujua mkataba wa salam, ambamo bei hulipwa yote papo hapo na bidhaa huletwa siku za mbele. Kwa kuwa mlipaji hana kitu mkononi, mkataba huo hausihi mpaka sifa za bidhaa, kiasi chake na muda wa kuileta vitajwe waziwazi. Muuzaji akishindwa, mnunuzi ana hiari ya kusubiri au kurudishiwa alichotoa. Masharti hayo yanagusa hasa mahali ambapo biashara ya WhatsApp hulegea. Mahakama za Kadhi za Kenya haziwezi kusikiliza kesi ya namna hiyo, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imezipa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, lakini hakuna kinachowazuia wafanyabiashara wawili wa Mombasa au Lamu kumpelekea shauri lao shehe wanayemheshimu na kukubali kauli yake.

Upungufu unaweza pia kutokea njiani, na hapo lawama hubadilika. Mzigo wa Kariakoo kwenda Mwanza au Mbeya mara nyingi hupanda basi: muuzaji huufikisha ofisi ya basi au kituoni, hulipia, hupewa risiti, huipiga picha na kumtumia mnunuzi pamoja na namba za gari na simu ya kondakta. Kwa kanuni ya sheria za uuzaji, pale mkataba unaporuhusu mzigo usafirishwe, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Mzigo uliofika basini ukiwa kamili, ukapungua Singida, ni hasara ya mnunuzi dhidi ya msafirishaji, si dhidi ya muuzaji. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili. Muuzaji anatakiwa afanye mapatano yanayofaa na msafirishaji kulingana na aina ya mzigo. Akimpa utingo televisheni bila risiti, bila kutaja thamani, mnunuzi anaweza kukataa kabisa kwamba alikabidhiwa. Wapo pia wauzaji wanaosema “mzigo mpaka mlangoni kwako”. Hao wameahidi kufikisha, na njia nzima inakuwa juu yao.

Risiti ya basi husaidia kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kawaida imeandikwa boksi moja, au gunia moja, na hicho ndicho inachokithibitisha: kwamba boksi moja lilipokelewa. Ndani ya boksi mlikuwa na nini, msafirishaji hakuona. Kwa hiyo mzigo pungufu hubaki na masimulizi matatu, na lolote kati yake linaweza kuwa kweli. Muuzaji alifunga pungufu, kwa makusudi au kwa kukosea hesabu. Kuna mtu alifungua njiani. Au mzigo ulifika kamili na mnunuzi anasema uongo. Wauzaji hupenda kusahau la kwanza na wanunuzi hupenda kusahau kwamba la tatu lipo, na kwamba muuzaji mwaminifu hana njia ya kulitofautisha na malalamiko ya kweli.

Kinachotenganisha masimulizi hayo ni ushahidi uliokusanywa kabla mtu yeyote hajagombana. Mzigo wa kwanza wa kuthibitisha uko kwa mnunuzi anayedai, kwa kiwango cha mashauri ya madai, yaani kuonyesha kwamba maelezo yake yanaelekea kuwa kweli kuliko ya mwenzake. Ana mambo matatu ya kuonyesha: walikubaliana nini, alilipa kiasi gani, kilifika nini. La pili ni rahisi. Muamala wa simu huacha namba ya kumbukumbu, tarehe, kiasi na jina. La kwanza limeharibiwa na desturi ya kuficha bei. Tangazo linaonyesha picha na kumwambia mteja aje inboksi; bei inatajwa kwa ujumbe, rangi kwa sauti iliyorekodiwa, idadi kwa simu isiyorekodiwa, na muda wa kufikisha hautajwi popote. Siku ya mgogoro mkataba umetawanyika vipande vinne, kimoja kati ya hivyo ni chapisho ambalo muuzaji anaweza kulifuta kwa kidole. Mnunuzi makini hupiga picha ya skrini ya tangazo siku anayolipa, na kabla ya kulipa huandika ujumbe mmoja unaokusanya yote: viti sita na meza, rangi ya kahawia, shilingi 900,000 pamoja na usafiri, kufika Ijumaa. Muuzaji akijibu “sawa”, huo ni mkataba ulioandikwa.

La tatu, kilichofika, ndilo gumu. Picha ya viti vinne sebuleni haithibitishi kwamba viwili haviko chumbani. Video iliyoanza na mzigo ukiwa haujafunguliwa, ikaonyesha mihuri, gundi na jina lililoandikwa juu, kisha ikaendelea bila kukatwa mpaka vitu vikahesabiwa, ina uzito mkubwa zaidi, na yenye uzito kuliko zote ni hesabu iliyofanywa mbele ya dereva wa bodaboda au karani wa ofisi ya basi, ambaye hana faida yoyote na upande wowote. Muuzaji naye ana kinga yake: kupiga video wakati anafunga na kupima uzito kabla ya kukabidhi. Uzito ni shahidi anayesahauliwa. Boksi lililoondoka na kilo 18 na kufika na kilo 18 halikupunguzwa njiani, na kama limepungua, lilipungua kabla halijaondoka.

Ushahidi wa simu unakubalika mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza ujumbe kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya ina vipengele vinavyoruhusu kumbukumbu za aina hiyo pamoja na cheti kinachoeleza zilivyopatikana. Kinachowaangusha wengi ni kubadilisha simu, kuwasha ujumbe unaojifuta, au kumzuia muuzaji kwa hasira na kufuta mazungumzo yote naye.

Njia ya malipo huamua nani atakuwa mdai na nani atakuwa mwenye kudaiwa, na kwa madai madogo hilo lina uzito kuliko sheria yote iliyoelezwa hapo juu. Aliyelipa mzigo ukifika, baada ya kuhesabu, hana mgogoro. Aliyetoa kianzio anashikilia salio, na mzigo ukipungua anakata thamani ya kilichokosekana. Muuzaji ndiye atakayelazimika kupiga simu. Aliyelipa yote mapema amebaki na neno la muuzaji. Watu wengi wa kundi hili hukimbilia huduma ya kurudisha muamala, na hapo hukutana na ukuta. Huduma hizo ziliundwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Kwa wateja wa Safaricom, ujumbe wa muamala uliokosewa hutumwa kwenda 456, na kama fedha bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji, inaweza kuzuiwa. Aliyetuma kwa namba aliyoikusudia, kwa bidhaa aliyoiagiza, hakukosea namba. Kampuni ya simu haina njia ya kujua viti vilikuwa vingapi, na haitaki kuwa hakimu. Mnunuzi anayedanganya kwamba alikosea ili kurudisha fedha anajitengenezea kosa jipya. Uongo huo umekuwa hila inayojulikana dhidi ya wauzaji wa Kenya: mteja anachukua bidhaa, anaondoka, kisha anaomba muamala urudishwe. Matokeo yake wauzaji hutoa pesa kwa wakala mara tu inapoingia, na aliyekosea namba kwa kweli ndiye anayeumia.

Kulipia kwenye tili ya Lipa na M-Pesa au kwenye lipa namba ya Tanzania hakushikilii fedha, lakini huacha jina la biashara iliyosajiliwa, na kwa mnunuzi atakayetaka kushtaki baadaye jina hilo lina thamani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kati anayeshika fedha mpaka mzigo uhesabiwe. China ilipata huduma hiyo mapema, mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Taobao ilipowaletea wateja wake Alipay: mnunuzi alilipa kwa Alipay, na muuzaji hakupata kitu mpaka mnunuzi athibitishe kupokea. Huku, kazi hiyo bado inafanywa na watu: msimamizi wa kundi la WhatsApp anayeaminika, dalali, au mwenye duka la jirani anayepokea mzigo na salio pamoja. Hawana leseni wala bima, na dhamana yao ni kwamba wakikosa uaminifu mara moja kazi imekwisha.

Mgogoro ukishatokea, hatua ya kwanza yenye maana ni dai lililoandikwa, fupi, lenye kiasi na tarehe. Sehemu kubwa ya upungufu ni makosa ya kufunga mzigo, na muuzaji aliyekosea kwa nia njema hulipa haraka akiombwa kitu kimoja kinachohesabika, kuliko akitukanwa na kutakiwa “anifanyie haki.” Ikishindikana, msuluhishi wa karibu hufaa: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe, chifu upande wa Kenya, au mtu aliyewakutanisha. Njia iliyozoeleka zaidi, kumwanika muuzaji mtandaoni kwa picha yake, namba yake na neno “tapeli”, ndiyo ya hatari zaidi kwa mwenye kudai. Kwa mzigo pungufu neno hilo lina mashaka kwa sababu kuna kitu kililetwa, na aliyelitumia anaweza kujikuta akidaiwa kwa kashfa, au akijibu chini ya sheria za kulinda taarifa binafsi, ambazo Kenya ilizipitisha mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kueleza kilichotokea kwa tarehe na hesabu, bila jina la kuhukumu, hushinikiza vilevile na ni vigumu kushtakiwa.

Polisi huombwa mengi katika migogoro hii kuliko wanavyoweza kutoa. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 302, na ya Kenya, kifungu cha 313. Lakini sheria ya Kenya hutaka udanganyifu uwe juu ya jambo lililopo au lililopita, si ahadi iliyovunjwa, na muuzaji aliyeleta theluthi mbili ya mzigo ana ushahidi mzuri kwamba hakukusudia kuiba. Hali hugeuka pale inapobainika kwamba viti viwili havikuwahi kuwapo, au kwamba muuzaji huyohuyo amepunja wateja kumi kwa namna ileile. Hapo upungufu wenyewe ndio mbinu: anapeleka kiasi cha kutosha ili kila mmoja aone aibu kwenda kituoni. Ujumbe wa kitapeli wa moja kwa moja ni jambo jingine, na Tanzania imetenga namba 15040 ya kuuripoti.

Mahakama hazipo mbali kama inavyodhaniwa. Kenya ilianzisha Mahakama za Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016. Ya kwanza ilifungua milango Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, hazifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa na mahakama za mwanzo, zinazoendeshwa kwa Kiswahili na zenye kanuni zake rahisi za ushahidi, ambazo zinaweza kusikiliza madeni ya kimkataba yasiyo makubwa. Muda wa kudai haki ya kimkataba ni miaka sita katika nchi zote mbili, ingawa mashahidi na simu hazikai miaka sita. Kikwazo cha kwanza ni jina. Mahakama haiwezi kumwita ukurasa wa Instagram. Inahitaji mtu na makazi. Jina linalotokea kwenye muamala ndilo mwanzo, kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa vitambulisho, na kwa Tanzania kwa alama za vidole. Wakati mwingine jina hilo ni la mke, la mdogo wake, au la mtu aliyeuza laini yake kitambo, na huyo ndiye atakayepaswa kueleza pesa ilikwenda wapi.

Kushinda kesi si kulipwa. Mdaiwa asiyelipa hubidi akaziwe hukumu, mali yake ikamatwe, na kwa viti viwili gharama za dalali wa mahakama hula sehemu kubwa ya kinachopatikana. Mpaka unapoingia kati, kwa mfano mnunuzi yuko Mombasa na muuzaji yuko Tanga, gharama hizo huzidi hata madai ya seti nzima. Walioko ughaibuni wanaoagizia wazazi wao samani au simu wana kinga nyingine wakilipa kwa njia za huko. PayPal hupokea malalamiko ya mnunuzi ndani ya siku 180, lakini si kwa fedha iliyotumwa kama zawadi kwa ndugu au rafiki, na wauzaji binafsi huomba itumwe hivyohivyo ili kukwepa makato. Kwa hiyo wengi walioko Muscat au London hurudi kwenye utaratibu wa zamani: ndugu aliye nyumbani anapewa salio, anafungua mzigo mbele ya aliyeuleta, anahesabu, ndipo anatoa pesa.